MASWALI YENU: Rubani kasema hivi, mnara ukaelewa vile

SWALI: Habari mhariri. Kuna kitu hakiniingii akilini kabisa, rubani ana redio, ana hedifoni nzuri, anaongea na mtu wa mnarani ambaye kazi yake ni hiyo hiyo kila siku, sasa wanashindwaje kuelewana mpaka ndege zinagongana? Au ni uzembe tu wanatuficha?

JIBU: Uzembe upo, sikatai, ila mara nyingi ukichimba unakuta redio yenyewe imechangia. Hii siyo kama simu. Anaongea mmoja wengine wote wanasikiliza, na frikwensi moja inabeba ndege kibao, kwahiyo wawili wakibonyeza kwa pamoja wanaosikiliza wanaambulia mluzi au nusu ya sentensi, na wale wawili wenyewe hata hawajui, kila mmoja anaamini ujumbe wake umefika.

Chukua Tenerife, kisiwa cha Uhispania, 27 Machi 1977. Ndege kubwa za abiria aina ya Boeing 747 mbili, ya KLM ya Uholanzi na ya Pan Am ya Marekani, ukungu mzito, mnara hauzioni, na rada ya kuangalia ndege zikiwa chini hakuna. KLM iko mwisho wa njia ya kurukia, Pan Am bado inatembea kwenye njia hiyo hiyo. Mnara ukawapa KLM maelekezo ya wapi pa kuelekea wakishapaa. Hiyo siyo ruhusa ya kupaa, ila neno la kupaa lilikuwemo ndani yake. Rubani msaidizi akayarudia, akamalizia na kitu kama "sasa tuko kwenye kupaa". Mnara ukachukulia wamekaa tayari wanasubiri, kumbe ndege imeshaanza kukimbia! Muongozaji wa mnarani akasema "okei", akakata kidogo, ndo akaongeza subirini nitawaita, na sekunde hizo hizo Pan Am nao wakabonyeza kusema bado tupo njiani. Kilichofika KLM kikiwa safi ni ile "okei" tu, vingine vikamezwa na mluzi. Injinia wa KLM aliyekuwa humo humo ndegeni akauliza, kwani yule Pan Am hajatoka? Kapteni akajibu katoka. Watu 583 walikufa, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo.

Mimi hapo kinachoniuma ni swali la yule injinia, maana aliyeshtuka alikuwepo. Baada ya pale ikawekwa kwamba neno la kupaa lisitajwe mpaka ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa.

SWALI: Si rubani angerudia tu kila anachoambiwa, mnara ukisikia tofauti unamsahihisha?

JIBU: Sheria hiyo ipo ndugu yangu na inaokoa sana, tatizo anayesikiliza naye ni binadamu, anasikia kile alichotegemea kusikia. Februari 1989 karibu na Kuala Lumpur ndege ya mizigo ya Flying Tiger iliruhusiwa kushuka hadi futi 2,400, ila namba ilitajwa tarakimu moja moja kwa Kiingereza na ile "mbili" ya mwanzo kwa Kiingereza (two) inasikika sawasawa na "hadi" (to), marubani wakapata "hadi 400". Wakarudia 400. Mnara haukushtuka, ndege ikapiga kilima, wote wanne wakafa.

SWALI: Kwahiyo dawa ni Kiingereza kizuri?

JIBU: Kidogo. Tangu 2008 rubani na muongozaji wa safari za kimataifa wanatakiwa wafike angalau leveli ya 4 kati ya 6 kwenye lugha, sawa. Ila tazama Avianca 52, ndege ya abiria ya Kolombia, Januari 1990, iliyozungushwa angani zaidi ya saa nzima ikisubiri kutua New York. Marubani waliomba kipaumbele, wakasema hata kwamba mafuta yanaisha, ila dharura hawakutangaza, na ujumbe ukapungua makali kila walipohamishwa kutoka muongozaji mmoja kwenda mwingine. Injini zikazimika, 73 wakafa kati ya 158. Kwa muongozaji mwenye foleni ya ndege zote zinataka kutua, kipaumbele ni ombi tu, dharura ndo inamfanya asafishe njia. Siku hizi rubani akiona atatua na mafuta chini ya akiba ya mwisho anatamka meidei, neno la kutangaza dharura redioni, mara tatu na kutaja mafuta, hakuna cha aibu wala kubembeleza.

SWALI: Na redio ikifa kabisa?

JIBU: Anaweka kodi 7600 kwenye transponda, kile kifaa cha ndegeni kinachojibu rada, kwenye rada wanajua hasikiki. Akifika uwanjani anaangalia taa ya mnarani, kijani isiyopepesa anatua, nyekundu isiyopepesa anapisha wengine na kuendelea kuzunguka.