Kovu si doa, usilisugue

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii limeuliza: "Kovu ni nini hasa, lina tofauti gani na baka, doa au alama nyingine ya mwilini, na je, kuna namna ya kulifuta?" Mimi ni muuguzi na kazi yangu ni kusafisha na kufunga vidonda. Swali hili naulizwa na karibu kila mgonjwa ambaye jeraha lake limeanza kufunga, kwa sababu maumivu yakishapungua wasiwasi huhamia kwenye sura. Naomba nilijibu kwa kirefu.

Nianze na majina, maana kuyachanganya kunawagharimu watu fedha na ngozi. Mtu aliyepona chunusi hukuonyesha shavu lenye vidoa vyeusi, akakwambia ana makovu. Mara nyingi hana. Pitisha kidole polepole juu ya sehemu hiyo. Ikiwa ngozi ni laini sawasawa na ya pembeni, haikubonyea wala haikuinuka, na kilichobadilika ni rangi peke yake, basi hilo ni baka. Ngozi iliyochokozwa imetengeneza rangi kupita kiasi, na rangi hiyo hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, mradi usiichome kwa jua wala kuichubua. Kovu lina umbo. Kidole kitahisi shimo, tuta au ngozi iliyokazwa. Ukiliangalia karibu utaona linang'aa, halina kinyweleo hata kimoja, na siku ya joto halitoi jasho, kwa kuwa mashina ya nywele na tezi za jasho havikurudi.

Doa na waa ni maneno mapana mno, hata nguo ina doa, kwa hiyo hayatuambii chochote kuhusu ngozi imeumia kiasi gani. Sugu ya kiganjani si kovu: ni ngozi iliyojiongezea unene, na ukiacha kazi iliyoileta huisha. Ila michirizi ya tumboni na mapajani, ambayo wengi huidhania ni rangi tu, ni makovu halisi. Ngozi ya ndani imechanika bila ile ya juu kupasuka.

Kinachoamua yote ni kina. Mchubuko ulioishia kwenye ngozi ya juu hupona bila kuacha kovu, kwa sababu sehemu hiyo hujifanya upya kila wakati. Jeraha likizama hadi ngozi ya ndani, mwili haupati muda wa kuirudisha kama ilivyokuwa. Damu huganda ndani ya dakika chache. Siku zinazofuata sehemu huvimba na kuuma, chembe za kinga zikiwa zinaondoa uchafu na vijidudu. Kisha huja nyama changa, nyekundu, yenye vipunjepunje na inayotoa damu ukiigusa tu. Wagonjwa huiogopa, lakini sisi tukiiona tunafurahi. Humo ndani seli zinasuka kwa haraka nyuzi za kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara. Katika ngozi nzima nyuzi hizo zimepishana kila upande. Katika kovu zimelala kwa mafungu, zikielekea upande mmoja. Ni kiraka kilichoshonwa kwa uzi uleule lakini kwa mshono mwingine.

Kiraka hicho huendelea kurekebishwa kwa mwaka mzima, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana kovu jekundu na gumu la mwezi wa tatu huweza kuwa jembamba na lililofifia baada ya mwaka, na ndiyo maana namsihi mtu asikimbilie upasuaji mapema. Hata likikomaa, uimara wake hauzidi takriban asilimia 80 ya ule wa ngozi ya awali.

Tena kazi hiyo haikomi kabisa. Mwaka 1740 meli za Kiingereza chini ya George Anson zilianza safari ya kuizunguka dunia, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Katika taarifa ya safari hiyo iliyochapishwa mwaka 1748 anatajwa baharia mmoja aliyejeruhiwa katika vita vya Boyne kule Ireland, zaidi ya miaka 50 nyuma. Majeraha yake yalikuwa yamepona muda wote huo, lakini kiseyeye kilipomshika yakafunguka upya. Kolajeni ya kovu huvunjwa na kujengwa daima, na bila vitamini C ujenzi husimama huku uvunjaji ukiendelea. Kila ninapofikiria habari ya mzee yule naona jinsi ilivyo kosa kuliita kovu kitu kilichokufa.

Sasa tuje kwenye kufuta. Kovu halifutiki. Linaweza kulainishwa, kushushwa, kupunguzwa rangi, lakini ngozi ya awali hairudi. Kulisugua kwa jiwe au kwa dawa kali za kuchubua kunaleta jeraha jipya juu ya lile la zamani. Ndimu ni mbaya zaidi: majimaji yake yakikutana na jua huunguza ngozi, na huacha weusi ambao haukuwapo.

Nafasi kubwa ya kupata kovu dogo iko mwanzoni, kabla kovu halijawa kovu. Bado watu wanaamini kidonda kiachwe wazi kipigwe na upepo kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majaribio kwenye ngozi ya nguruwe, kwamba kidonda kilichofunikwa na kubaki na unyevu huota ngozi takriban mara mbili kwa haraka kuliko kilichoachwa kikafanya kigaga kikavu. Kwa hiyo safisha kwa maji safi, funika, badilisha bandeji, usibandue kigaga. Kikishafunga, kinga jua. Kukanda kovu kwa mafuta yasiyo na ukali, na kubandika karatasi za silikoni kwa wiki nyingi mfululizo, husaidia makovu yaliyoinuka.

Keloidi ina habari yake. Kovu la kawaida lililovimba hubaki ndani ya mipaka ya jeraha, lakini keloidi huivuka na kuingia kwenye ngozi iliyokuwa nzima. Hupenda kifua, mabega, taya na ndewe za masikio, huwapata zaidi vijana na wenye ngozi nyeusi, na hufuata ukoo. Ikikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Madaktari huanza na sindano za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani yake, na wakikata huongeza sindano au mionzi. Ukishawahi kuota moja, mwambie daktari kabla ya upasuaji wowote, na uache kutoboa masikio.

Kovu la moyo nalo si lugha ya malenga peke yake. Misuli ya moyo ikifa kwa kukosa damu, mahali pake huziba kwa kovu ambalo haliwezi kusukuma damu.

Jambo la mwisho naliomba lisomwe na kila mwenye kovu kubwa la moto. Kovu la miaka mingi likifunguka, likawa kidonda kisichofunga, au likaota kinyama chenye kingo ngumu, usiendelee kulifunga nyumbani. Saratani huweza kuanzia hapo. Nenda ukaonwe na daktari, akate kipande kidogo kipelekwe maabara.