Deraya ya mabamba humaliza pumzi, si wepesi

SWALI: Ninatunga kanuni za mchezo wa dadu wa kuigiza wahusika, katika nchi ya kubuni inayofanana na Ulaya ya karne ya 15. Shujaa anayevaa deraya (vazi la kujikinga vitani) ya mabamba ya chuma mwili mzima hupoteza nusu ya alama zake za wepesi, lakini upanga wa mikono miwili unaweza kuipasua deraya hiyo. Je, ndivyo ilivyokuwa?

JIBU: Ndugu msomaji, kanuni zote mbili zinakwenda kinyume na tunayoyajua. Deraya kamili ya vita ilikuwa na uzito wa kati ya kilo 20 na 30 hivi, tena uzito huo uligawanywa mwilini kwa mikanda, kila bamba likifuata kiungo chake. Jean Le Maingre, jemadari wa Ufaransa aliyejulikana kwa jina la Boucicaut, anasimuliwa na mwandishi wa maisha yake kuwa alipiga mapindu akiwa amevaa deraya yote isipokuwa chapeo. Hata tukiondoa chumvi ya mwandishi aliyekuwa akimsifu bwana wake, hiyo si picha ya mtu aliyefungwa miguu. Deraya nzito kupita kiasi zilikuwa za mashindano ya mikuki juu ya farasi, na nadhani ndizo zilizozaa dhana yako.

Gharama halisi ilikuwa pumzi. Katika jaribio lililofanywa na watafiti wa Leeds, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2011, watu waliotembea wakiwa wamevaa nakala za deraya hizo walitumia nguvu zaidi ya maradufu, kwa sababu miguu ilibeba chuma katika kila hatua na kifua kilichobanwa kilivuta pumzi fupi fupi. Ndiyo maana Wafaransa waliovuka shamba la matope katika vita vya Agincourt dhidi ya Waingereza, mwaka 1415, walimfikia adui wakiwa hoi. Boucicaut mwenyewe alitekwa siku hiyo. Kwa hiyo, acha alama za wepesi karibu zilivyo, umpunguzie mchezaji alama za pumzi kila zamu, na zaidi akiwa matopeni.

Kuhusu upanga, makali yake hayapasui bamba la chuma, hata ukiwa wa mikono miwili. Michoro ya Fiore dei Liberi, mwalimu wa upanga wa Italia, inaonyesha wapiganaji wakiushika upanga katikati kwa mkono wa kushoto na kuutumia kama mkuki mfupi, wakilenga uso, kwapa na sehemu nyingine zisizo na bamba. Wengine waliugeuza na kupiga kwa mpini, au walitumia nyundo ya vita, au walimwangusha adui kwa mieleka kisha wakammaliza kwa jambia. Shambulio la upanga dhidi ya mabamba lisifaulu, basi, mpaka mshambuliaji apate upenyo.

Iwapo orodha yako ina deraya ya ngozi yenye njumu, kama zilivyo nyingi za michezo hii, iondoe. Yaelekea ilitokana na kulisoma vibaya vazi ambalo njumu zake za nje zilikuwa vichwa vya ribiti, yaani misumari ya kuunganishia, zilizoshikilia vibamba vya chuma kwa ndani. Mhusika anayehitaji vazi jepesi mpe koti nene la kitambaa lililoshonwa tabaka kwa tabaka, ambalo askari wa kawaida walilivaa kweli.