Magurudumu manne hayakuzuii kuanguka

Niliendesha bodaboda miaka sita, stendi yangu ikiwa Bamburi Mtambo, hapa Mombasa, na katika miaka hiyo yote nilianguka mara mbili tu, zote za mvua. Kwa hivyo siku nilipopanda kwadi mara ya kwanza, ile pikipiki ya magurudumu manne, kwenye njia ya mchanga katikati ya minazi upande wa Utange, sikuona cha kuogopa. Ukisimama nayo hutaki hata kuweka mguu chini, itaanguka vipi? Nilivaa ndara, suruali nimeikunja mpaka magotini, na helmeti ya kukodi ambayo mkanda wake sikuufunga, kwa sababu ulinuka jasho la watu.

Dakika ya kumi hivi nikafika kwenye kona ya kushoto. Pikipiki ukitaka kukata kona waiinamisha, nayo yakubali. Kwadi haiinami. Inaingia kona imesimama kama meza, na uzito wote unakimbilia upande wa nje. Mimi nikafanya lile mwili wangu ulilolizoea miaka sita: mchanga ulipoteleza, nikatoa mguu wa kushoto kujizuia. Gurudumu la nyuma likanipanda kisigino. Katika kuuvuta mguu nikauvuta na usukani, kidole gumba kikabana kikonyo cha mafuta kwa woga, gurudumu la mbele likapanda kisiki cha mnazi, na mashine ikainuka upande mmoja. Nakumbuka niliiona helmeti ikibingirika mbele yangu, mimi bado niko hewani. Nilipofika chini palikuwa na jiwe la matumbawe, na kila aliyekulia pwani ajua jiwe hilo linavyokuna: kama mbuzi ya nazi. Nyuzi saba juu ya nyusi, na wiki tano kisigino hakiingii kiatu.

Huu ni mwaka wa nne kwadi ndizo kazi yangu. Naongoza wageni, na siku za Idi na Desemba wenyeji wa hapa hapa mjini, na nakwambia wanaonitia wasiwasi zaidi si wale ambao hawajawahi kuendesha chochote. Hao huuliza na kusikiliza. Wasiwasi wangu ni kaka anayekuja akizungusha ufunguo wa boda kidoleni, aniambia, "Bosi, mimi hizi najua." Huyo namwambia neno moja kabla ya mengine yote: miguu yako ibaki juu ya pa kukanyagia mpaka mashine isimame kabisa, hata ukihisi waanguka. Namrudisha nyuma, nampa zoezi la kuzunguka pipa tupu, na bado mara ya pili au ya tatu utauona mguu unachomoka. Mazoea ni kitu kigumu.

La pili ni hayo mafuta. Kwenye boda unazungusha mkono, kwa hivyo ukirushwa nyuma mkono nao unazunguka, na hilo lina balaa yake. Kwenye kwadi nyingi mafuta ni kikonyo cha kubana kwa kidole gumba. Mtu akishtuka hukunja ngumi, na kukunja ngumi ndiko kubana mafuta. Kwa hivyo kabla hujaondoka bana kikonyo hicho injini ikiwa imezimwa, kisha uachie ghafla. Kirudi chenyewe, kwa nguvu, kama mtego wa panya. Kikirudi kivivu, au kikikwama kwa chumvi na mchanga, omba mashine nyingine, na wasipokuwa nayo nenda kanywe dafu. Uliza pia kuhusu kamba ya kuzimia injini, ile inayofungwa kwenye kifundo cha mkono ili ukianguka injini ife. Kuna mahali nilipoikuta imefungwa kwenye usukani wenyewe, ati isisumbue wateja.

Sasa kwa nini kwadi ina ukaidi kwenye kona? Nyingi za zile za michezo hazina difu nyuma, ile gia inayoyaruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja na yanazunguka sawasawa, ilhali kwenye kona, lile la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Lazima mojawapo liteleze. Mchangani linateleza bila neno, lakini kwenye lami linang'ang'ania, na mashine inataka kwenda mbele wakati wewe umekata usukani. Ndiyo sababu watengenezaji hubandika onyo kwamba si chombo cha barabara ya lami, na ndiyo sababu nikiona vijana wamezitoa usiku kwenye barabara ya Malindi, katikati ya matatu, moyo unanienda mbio. Mataya nayo ni ya upepo mdogo, mara nyingi pauni 4 mpaka 7 hivi. Yabonyee kidogo ukiyabana. Fundi mmoja wa pancha alinijazia 30 kwa mazoea ya boda, na nilirudi nyumbani nikidunda kama mpira wa kikapu.

Dawa ya kona ni mwili wako. Kona ya kushoto, sogeza makalio kushoto kwenye kiti, kichwa na mabega yaende huko, na uzito ukanyagie mguu wa kulia. Kupanda kilima, inama mbele. Kushuka, rudi nyuma, gia ndogo, injini ikushikie. Ndiyo maana kiti kimefanywa kirefu: ni nafasi yako ya kuhama-hama, si ya abiria. Watu wengi hukiona kiti kile na wakafikiri ni cha mishikaki. Kuna kwadi zilizotengenezwa kubeba wawili, na huandikwa hivyo. Nyingine zote ni za mtu mmoja, hata kama mwenye kukodisha anakwambia haina neno.

Historia yenyewe yatosha kumtoa mtu usingizini. Zamani zilikuwa na magurudumu matatu. Honda ilianza kuziuza Marekani mwaka 1970, na kufikia 1988 makampuni yalikubaliana na serikali ya huko kuacha kuuza mpya za aina hiyo, kwa jinsi zilivyokuwa zikiumiza watu. Gurudumu la nne lilipunguza tatizo, halikuliondoa. Australia, tangu Oktoba 2021, kwadi mpya za kazi haziuzwi bila fremu ya kumkinga aliyeipanda isimlalie ikipinduka.

Kwa watoto sina mjadala. Mtoto wa kaka yangu ana miaka tisa, na likizo iliyopita alinishika mkono: "Ami, nitakaa mbele yako tu, sitagusa kitu." Nikamwambia akae mbele yangu kwenye kochi. Kiwango kilichotumika Marekani kwa miaka mingi kilikuwa kwamba aliye chini ya miaka 16 hapandi mashine yenye injini iliyozidi cc 90, na hata hizo ndogo apande akiwa na mtu mzima anayemtazama. Hizi zetu za kukodi nyingi ni za cc 200 na kuendelea. Mtoto hana uzito wa kuihamisha ikitaka kulala, na akiwa mbele yako yeye ndiye atakayetangulia kufika chini, na wewe juu yake, na mashine juu yenu nyote. Alinuna mpaka magharibi.

Haya, tuje kwenye mavazi, na nitaanza na kichwa kwa sababu zinazoonekana juu ya nyusi zangu.

Helmeti nilinunua yangu, na nakushauri ununue yako hata kama unapanda mara mbili kwa mwaka. Ile nusu kichwa, kama bakuli la uji, iache. Uso ndio unaotangulia kwenye matawi na mawe, kwa hivyo unataka inayofunika kidevu. Tafuta kibandiko cha kiwango, mara nyingi kimeshonwa kwenye mkanda: herufi E ndani ya duara na nambari pembeni yake, ambayo ni ya nchi iliyoithibitisha, 1 ni Ujerumani, 3 Italia, 4 Uholanzi. Kiwango hicho huitwa ECE 22, na toleo lake jipya ni 22.06. Kibandiko cha nje kinachong'oka kwa ukucha hakina maana yoyote. Hicho mtu hukichapisha popote.

Kisha uivae. Azima utepe wa fundi cherehani upime kichwa juu kidogo ya nyusi, sehemu iliyo nene zaidi, ulinganishe na saizi iliyoandikwa. Ikiwa mpya lazima ikubane mashavu mpaka uonekane una karanga mdomoni. Tikisa kichwa, ikicheza, ni kubwa. Funga mkanda ubakie na nafasi ya vidole viwili, kisha mwambie mwenzako aishike kwa nyuma, chini, na ajaribu kuivua kwa kuisukuma mbele. Ikitoka, ndiyo ile iliyobingirika mbele yangu. Muuzaji atakwambia itajinyoosha. Sponji ya mashavuni kweli hulegea kidogo, lakini ile povu ngumu iliyo chini ya gamba hailegei, na ndiyo inayofanya kazi yote: inakubali kupondeka ili kichwa kisipondeke. Hupondeka mara moja tu, na kwa nje huenda usione hata mkwaruzo. Ndiyo maana sinunui helmeti ya mtumba, hata iwe inang'aa vipi. Mitumba ya Kongowea naipenda kwa buti, kwa jaketi, kwa glavu za ngozi, lakini siyo kwa helmeti.

Na joto je? Hilo ndilo swali la kila mtu, na ni la haki. Februari na Machi hapa ni digrii 32, 33, na unyevu juu. Zile helmeti za vumbi, zenye kidevu kirefu na kibaraza juu ya macho, zinapitisha upepo kuliko zile za kioo, na zinavaliwa na miwani ya vumbi ya kujifunga. Mimi nimechagua hiyo. Miwani ya jua ya kawaida haifai. Mchanga unaingia kando. Panda asubuhi kabla ya saa tatu au baada ya alasiri, beba maji, na Ramadhani usijitese, subiri jioni.

Dada zetu wananiuliza sana kuhusu hijabu. Inavalika vizuri tu chini ya helmeti, kwa sharti pini zitoke zote. Pini chini ya helmeti ukianguka ni msumari. Vaa ile ya kuvuta, ya pamba nyepesi, isiyo na fundo nyuma, na ncha zake ziingie ndani ya jaketi. Dera na buibui zibaki nyumbani. Hizo hupenda kufuata ekseli na cheni. Suruali pana na kanzu fupi inayofika magotini zatosha kwa heshima na kwa usalama. Bibi mmoja wa makamo alikuja na wanawe, akavaa suruali ya jinzi ya kijana wake ndani ya kanzu, akaendesha kuwashinda wote. Alikuwa na subira kwenye kona.

Miguuni, buti la kupita kifundo, lenye kisigino kidogo kisichoteleza kwenye chuma. Buti la ngozi la kazi, la fundi, latosha. Mkono mrefu na suruali ndefu hata ukitokwa na jasho, kwa sababu ya miiba, na kwa sababu ya egzosi, ambayo huacha alama kwenye shavu la mguu kama pasi. Glavu zisiwe nene mpaka usihisi breki. Kinga ya kifua na magoti ni nzuri ukiwa mtu wa kupanda kila wiki. Ukiwa wa mara moja moja, pesa hiyo iongeze kwenye helmeti.

Kuhusu ufuo, siendeshi, na wateja wengine hukasirika. Picha zinapendeza, najua. Lakini Jumapili pale Pirates kuna watoto, ngamia, wauza mihogo na watu waliolala mchangani, na usiku katika fuo zetu kasa hupanda kutaga. Njia za mashambani zatosha.

Helmeti yangu nayo ilipata siku yake, maana mwaka jana nilianguka tena, polepole, mkanda umefungwa, na nikainuka nikajipangusa. Nilikaa nayo wiki nzima juu ya friji. Kwa nje ilikuwa na mchubuko tu, si zaidi. Nikachukua kisu nikakata mikanda yote miwili, nikaipeleka jaani. Kijana anayeokota chupa akaiinua, akaizungusha, akanitazama kama mwendawazimu.

"Ami," akaniuliza, "mbona waharibu kitu kizima?"