Maswali na majibu: Ferret yako ilitumikia wapi?

Mkuu, niko Uingereza, nimenunua Ferret, lile gari dogo la deraya la zamani la jeshi. Muuzaji anaapa ilipigana Aden, kule Yemen. Nitajuaje?

Hadithi ya muuzaji weka pembeni kwanza, kila anayeuza Ferret ana Aden yake. Tafuta namba ya usajili ya kijeshi. Kwa magari ya enzi hiyo, tangu 1949, ilikuwa tarakimu mbili, herufi mbili, halafu tarakimu mbili tena. Ukishaipata waandikie jumba la makumbusho la vifaru la Bovington, kule Dorset, ndio wanaotunza kadi za kumbukumbu za magari ya deraya ya jeshi la Uingereza, unalipia kidogo wanakutumia kopi. Kampuni ya Daimler ilizitengeneza Coventry kuanzia 1952 mpaka 1971, na Waingereza waliondoka Aden Novemba 1967, kwa hiyo kadi ikisema gari limeingia jeshini 1968, basi hapo mchezo umekwisha, nenda kadai punguzo.

Namba haionekani, limepakwa rangi juu ya rangi. Nitoe yote?

Hapana jamani, usije ukaleta grainda! Chukua msasa laini na maji, anza mbele na nyuma pale namba hukaa, sugua taratibu kiduara, katikati kwenda chini zaidi na pembeni juu juu, utaona rangi zinajipanga pete pete kama kitunguu kilichokatwa. Kijani, nyeusi, pengine rangi ya mchanga, pengine nyeupe. Ukikuta nyeupe moyo utadunda maana Ferret za Umoja wa Mataifa kule Cyprus zilikuwa nyeupe, ila tulia, wenye magari binafsi nao hupaka wanachotaka wakienda kwenye maonyesho. Nyeupe iliyo chini ya kijani cha jeshi ina uzito kuliko nyeupe ya juu kabisa. Piga picha kila leya kabla hujaendelea, ukishaisugua ndo imeenda hiyo. Na angalia ndani kama kile kibati cha kiwandani bado kipo, namba ya chesisi ukiiambatanisha kwenye maombi yako inasaidia.

Kadi imefika, naona tarehe na vikodi tu, vita hakuna. Wamenitumia nusu?

Ndivyo zilivyo dada. Kadi iliandikwa na karani wa stoo, yeye alitaka kujua gari liko kwa nani, basi. Vikodi ni vikosi na mabohari, na usishangae gari likikaa bohari miaka kuliko kikosini. Ukijua kikosi na mwaka, ndo unakwenda kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza pale Kew, fungu la WO 305, usome kikosi kilikuwa wapi na kilifanya nini. Gari lako kwa namba yake hutalikuta humo mara nyingi, utakuta safari ya kikosi kizima.

Tareti yangu (kile kibanda cha bunduki kinachozunguka juu) ni ya gari lingine. Je, historia imeharibika?

Wala. Tareti hufunguliwa na kuhamishwa, toleo la kwanza, Mk 1, lilikuwa wazi juu na wengine waliliongezea baadaye. Fuata bodi.

Babu alikuwa Dar Januari 1964, anasema Waingereza walishuka na magari ya deraya. Naweza kujua yapi?

Unaweza kujaribu. Maasi ya wanajeshi wa Tanganyika kwenye kambi ya Colito (Lugalo ya leo) yalianza tarehe 20, na tarehe 25 makomando wa 45 Commando wakashuka kutoka manowari ya Uingereza HMS Centaur, na melini humo walikuwemo pia 16th/5th Lancers, kikosi cha magari ya deraya, waliotokea Aden. Kwa hiyo unatafuta kadi inayoonyesha kikosi hicho mwanzoni mwa 1964. Hata ukiipata, inakuambia gari lilikuwa mikononi mwao tu, haithibitishi kwamba hilo hilo ndilo lililopanda meli, hapo sasa ndo picha za wakati ule zenye namba inayosomeka zinapokuwa dhahabu.

Hapa Kenya kuna Ferret geti la kambi. Bovington watakuwa na kadi yake?

Inategemea. Kama lilinunuliwa jipya moja kwa moja kutoka kiwandani, halikuwahi kuwa la jeshi la Uingereza, kwa hiyo kadi hakuna. Kama lilitoka kwao likiwa limetumika, kadi ipo lakini inaishia siku walipolitoa mikononi, yaliyofuata yako kwa wenye kambi. Na tafadhali usiende kupiga picha pale getini kimyakimya, omba ruhusa kwanza, utajikuta unaeleza mambo ya Ferret ukiwa umekaa chini.