Meza ya Fundi: "Jengo letu linawaka kama tochi"

Barua nne zilizofika mezani mwezi huu zinauliza karibu jambo moja: taa gani ya LED itiwe ndani ya modeli ili modeli ionekane hai. Nimefanya kazi ya umeme wa vyombo vya majini kwa miaka mingi, na jioni zangu nimezitumia kujenga majahazi na nyumba za mjini kwa mbao na kadibodi, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono.

Assalaamu alaykum fundi. Mimi na kijana wangu tunatengeneza Beit al-Ajaib kwa kipimo cha 1:100, ilivyokuwa kabla mnara haujaanguka. Tumetia LED nyeupe za milimita 5 kila ghorofa, kila moja na rezista (kile kipande cha kupunguza mkondo wa umeme) ya omu 100, na umeme ni wa chaja ya simu. Tukiwasha, halionekani jengo lenye watu. Linawaka kama tochi: madoa makali, kona zote giza, na kuta zenyewe zinang'aa. Tumekosea wapi?
*Baba na mwana, Zanzibar*

Wa alaykum salaam, wewe na kijana. Mmechagua kazi nzuri. Jumba lile alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 ndilo lililotangulia kuwekewa taa za umeme hapo Zanzibar, na tangu sehemu yake ya mbele na mnara viporomoke Desemba 2020, modeli kama yenu ni kumbukumbu ya kweli. Inastahili mwanga wa heshima.

Chukueni LED moja mliyotumia, muitazame ikiwa imezimwa. Kama kichwa chake ni angavu kama maji na mnaona kikombe kidogo ndani, basi hiyo imeundwa kurusha mwanga mbele kwa pembe finyu, mara nyingi nyuzi 15 hadi 30. Ukiielekeza ukutani unapata doa. Nyeupe za namna hii zina kasoro nyingine: katikati buluu, pembeni duara la manjano, kwa sababu LED nyeupe kwa asili ni ya buluu iliyofunikwa unga wa manjano, na lenzi angavu haivichanganyi vizuri vyote viwili.

Mnayoitaka ni yenye ukungu. Kichwa chake kinafanana na maziwa yaliyotiwa maji. Ndani ya plastiki mna chembe zinazoutawanya mwanga, hivyo hutoka kwa pembe ya nyuzi 60 au zaidi, na kichwa kizima huwaka badala ya nukta moja. Dukani muulizeni muuzaji "ya ukungu" au "ya maziwa", na msichukue kwa kusikia tu. Iwasheni palepale karibu na kiganja cha mkono. Yenye ukungu huangaza kiganja chote, na angavu huchora shilingi katikati.

Kuhusu ukubwa, zidisheni kwa 100. LED ya milimita 5 kwenye modeli yenu ni taa yenye upana wa nusu mita, sawa na sufuria ya pilau la harusi. Ya milimita 3 ni sentimita 30, ambayo ni fanusi kubwa ya barazani na inakubalika. Kwa hiyo za milimita 3 wekeni mahali zinapoonekana, na zile za 5 mlizonazo zificheni nyuma ya nguzo, zikitazama dari. Mwanga ukigonga dari nyeupe ukarudi chini, hata LED angavu hutulia. Mimi huzikata vichwa: nasawazisha kuba kwa tupa, kisha nasugua kwa msasa namba 400 mpaka plastiki iwe kama kioo cha bafuni. Acheni angalau milimita moja juu ya kikombe cha ndani, maana mkiufikia ule uzi mwembamba uliomo, taa imekufa.

Lakini kosa kubwa kuliko yote lipo kwenye hiyo rezista ya omu 100, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu naliona kila mwezi. Chaja inatoa volti 5, LED nyeupe inachukua karibu 3, zinabaki 2. Gawanya kwa omu 100, unapata mkondo wa miliampea 20. Ni kweli muuzaji huandika 20. Hicho ni kiwango ambacho taa inaweza kukibeba, si kiwango ambacho modeli inakihitaji. Chumba chenye kimo cha sentimita chache kinatosheka na miliampea moja. Wekeni rezista ya omu 2,200. Mkondo utashuka mara ishirini, ila jicho halioni hivyo. Jicho hupokea mwanga kwa ngazi, na mtaona tu kwamba ukali umeondoka na chumba kimebaki. Mwaka fulani nilitengenezewa taa za jahazi na fundi mwenzangu nikiwa safarini, akazipa mkondo wote. Mteja alilitazama dakika moja, akaomba lizimwe kwa sababu macho yalimuuma, na mbao zote nilizozichonga hakuziona.

Kuta zinang'aa kwa sababu kadibodi hupitisha mwanga. Pakeni rangi nyeusi kwa ndani, ikikauka pakeni nyeupe juu yake. Nyeusi inazuia, nyeupe inarudisha. Hili mlifanye kabla ya kubandika ghorofa ya juu.

Fundi, nafundisha sanaa shule ya msingi. Darasa langu linajenga mwalo wa wavuvi wa dagaa usiku: mitumbwi yenye karabai, vibanda vyenye koroboi, na duka moja lenye tyubu. LED nyeupe tulizonazo zimefanya vyote vifanane. Tununue rangi gani?
*Mwalimu, Mwanza*

Mwalimu, swali lako limenifurahisha kwa sababu watoto wako wameona kitu ambacho watu wazima wengi hawakioni: kila moto una rangi yake.

Anza na koroboi. Mwali wake ni wa machungwa. Wauzaji hutaja rangi ya nyeupe kwa namba za kelvini, na namba ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano zaidi. Ile wanayoiita nyeupe ya joto ni 2,700 hadi 3,000, lakini mwali wa mshumaa uko karibu 1,900. Maana yake hata nyeupe ya joto ni nyeupe mno kwa koroboi. Nunua LED za manjano au machungwa zenye ukungu, za milimita 1.8 kama zipo, au chukua nyeupe ya joto uipake tone la rangi ya machungwa ya kuchorea vioo. Ipe mkondo kidogo sana, kwa sababu koroboi haiangazi chumba kizima, inaangaza uso wa aliyekaa karibu.

Karabai ni kitu kingine. Utambi wake wa wavu hutoa mwanga mweupe wenye umanjano kidogo, na mkali. Hapo nyeupe ya joto yenye ukungu ndiyo yenyewe, na hapo tu ruhusu mwanga uwe na nguvu kidogo, rezista ya omu 470 kwa volti 5, ambayo itakupa miliampea kama 4. Itundike juu ya maji, na maji yenyewe yapakwe vanishi ya kung'aa, ili watoto waone mwanga ukilala chini ya mtumbwi kama ulivyo kweli. Kama mwalo wenu ni wa siku hizi, wavuvi wengi wameshahamia taa za LED za betri, kwa hiyo amueni na darasa ni usiku wa mwaka gani kabla hamjanunua.

Tyubu ya dukani ni nyeupe baridi, 6,000 hadi 6,500. Usitafute LED ndefu. Kata kipande cha gundi ya moto ile ya vijiti vyembamba, urefu wa sentimita 2, na ubandike LED kwenye ncha moja. Kijiti kina ukungu wake chenyewe na kitawaka chote. Hakitayeyuka, kwa miliampea moja au mbili LED haipati joto.

Habari fundi. Kijumba cha mwanangu kina LED kumi na mbili, nimeziunga kwenye pawabenki. Zinawaka vizuri, halafu baada ya nusu dakika zinazima zote. Nimebadilisha waya mara mbili.
*Mama wa Kigamboni*

Dada, waya zako ni nzima. Pawabenki nyingi hujizima zikiona mkondo ni mdogo, zikidhani simu imeshajaa. LED kumi na mbili za miliampea moja moja ni 12 tu. Tumia chaja ya ukutani, au kibebeo cha betri tatu za AA, ambazo ni volti 4.5. Betri bapa ya CR2032 usiinunue kwa kazi hii: ina volti 3 tu, nayo LED nyeupe inataka karibu zote, kwa hiyo itafifia mapema. Tena kwa nyumba yenye mtoto mdogo, betri bapa ikimezwa inaunguza koo kwa muda mfupi. Isikae mahali anapofika.

Shikamoo fundi. Najenga meli ya Liemba kwa 1:100. Nimenunua LED nyekundu na kijani zenye ukungu, milimita 3, kwa taa za ubavuni. Zinaonekana kama maembe, na ya kijani inaizidi nyekundu.
*Mwanafunzi, Kigoma*

Marahaba mwanangu. Unaijenga meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikaunganishwa hapo kwenu na kuingizwa ziwani 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Modeli yako itafika sentimita 71. Chombo kama hicho nisingekibandika maembe.

Hapa ukungu si rafiki yako. Taa ya ubavuni haimulikii pande zote. Nyekundu ya kushoto na kijani ya kulia kila moja huonekana kwa nyuzi 112.5, kuanzia mbele kabisa mpaka nyuma kidogo ya ubavu, na kwa ndani hukingwa na ubao mweusi usiong'aa. Nahodha wa chombo kingine anasoma mwelekeo wako kwa rangi anayoiona, ndiyo maana kanuni ni kali. Tafuta LED bapa za 0603, milimita 1.6 kwa 0.8, ndogo kuliko punje ya ufuta. Kila moja ibandike ndani ya kisanduku cha kadibodi nyeusi kilicho wazi mbele na ubavuni.

Kijani inashinda kwa sababu jicho la binadamu linaipokea rangi hiyo kuliko zote. Kwa volti 5, ipe nyekundu rezista ya omu 1,000 na kijani uanze na 4,700, kisha kaa mita mbili mbali, chumba kikiwa giza, ulinganishe. Chagua kijani halisi, si ile ya zamani yenye rangi ya ndimu. Waya uwe wa shaba wenye vanishi, ule mwembamba wa kwenye koili za mota mbovu. Kwangua vanishi kwenye ncha kabla ya kulehemu, na uupitishe ndani ya mwili wa meli kabla hujabandika sitaha.