Barua kwa mwanangu: hodi kwanza, kiti baadaye

Mamangu,

Voisi yako ya juzi nimeisikiza mara tatu, ya tatu niko jikoni mpaka mbaazi zikashika chini na babako akauliza nyumba yaungua ama vipi. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu kwa simu wanikata maneno, wewe na babako tabia moja.

Umeniuliza neno moja tu. Ejenti asema uende Sharjah, kule Imarati, kufundisha, uingie na vizit, visa ya kutembea, ya siku 60, shule itakubadilishia visa ukiwa huko huko, maana ile ya kazi ukiingojea hapa Mombasa itachelewa na shule zao zafunguliwa mwisho wa Agosti. Je, yafaa?

Yawezekana. Hilo nakujibu wazi nisije nikaonekana mzee wa kupinga kila kitu. Kubadilisha ukiwa ndani kupo na ni kwa sheria, watu hubadilisha kila siku, mtoto wa shangazi yako wa Bondeni aliingia vile vile na leo ana leseni ya gari na mke. Lakini hukuniuliza lile ambalo mimi ningeuliza: zile wiki za katikati, karatasi haijatoka, utakuwa umekaa chumbani wangoja, ama utakuwa darasani kalamu mkononi? Kwa sababu vizit ni ya kutembea, si ya kufundisha, hata siku moja, hata kama ni "kuwasaidia tu mpaka mambo yakae sawa". Na shule ikishafunguliwa na mwalimu wa hesabu hayuko, niambie mudira gani, mwalimu mkuu wao, atakuacha ukae chumbani.

Wajua ninavyosema, hodi kwanza, kiti baadaye. Najua umecheka hapo.

Mambo ya Sharjah yangu wayajua nusu. Wajua nilienda 1995, kazi ya babako bandarini imekatika, mjomba wako akanitumia vizit, nikaomba likizo bila mshahara nikakuacha kwa bibi Kisauni una miaka miwili, na kaseti za sauti yangu za kukulaza. Wajua nilirudi. Ya stoo sijawahi kumwambia mtu, hata bibi amekufa hajui.

Mudira wetu alikuwa mwanamke mpole, simsingizii. Alituambia karatasi zaja. Kila mwezi zaja. Paspoti zetu zilikuwa kwenye droo yake na ufunguo wa droo uko kishada kimoja na funguo za gari lake, ukiusikia ukilia koridoni wajua maisha yako yapita pale. Siku hiyo nasomesha darasa la nne kugawanya, wako wazuri mno wale watoto, mara farashi, mtumishi wa ofisi, akaja mbio, wakaguzi wa leba wako getini. Tukasukumwa stoo chini ya ngazi watu watatu, mimi, mmoja wa Khartoum, mmoja wa Manila. Katoni za chaki, globu imepasuka pale Afrika, ndoo ya kupigia deki yanuka. Sasa ukuta wa stoo ile ndio ukuta wa darasa langu, nasikia mpaka kiti kikivutwa. Nikamsikia yule mkaguzi akiwauliza watoto kwa Kiingereza cha taratibu, mwalimu wenu yuko wapi?

Darasa zima likajibu kwa pamoja, sauti ile ile ya kusoma jedwali la mara saba niliyowafundisha mimi: "Ticha anaumwa!"

Walikuwa wamefundishwa. Mimi niliyekuwa nikiwakazia wasinidanganye hata kwa homuweki, nimekaa juu ya katoni na rejista mapajani nasikia watoto thelathini wakisema uongo kwa ajili yangu, na wamesema vizuri, kwa mpangilio, hakuna aliyekosea. Tulikaa mle mpaka adhuhuri.

Kesho yake kijana mmoja mdogo, wa kiti cha mbele, akaja na chungwa. Limeshamenywa, limefungwa kwa tishu, limeshaanza kunyauka. Akaniambia mamake amesema litanisaidia na ugonjwa. Yeye aliamini. Wote walijua ni maneno ya kufundishwa, yeye peke yake aliamini naumwa. Nikalila pale mbele yake lote. Babako miaka yote hii adhani siwekei machungwa kwenye futari sababu ya asidi.

1996 serikali ya Imarati ikatoa msamaha kwa wasio na karatasi, nikapanga foleni jua la utosi na watu sijui wangapi, nikatolewa paspoti yangu kwenye droo, nikarudi. Msamaha! Mtu na cheti chake cha ualimu cha P1 asamehewa kama aliyeiba kuku. Na 2024 wakautoa tena, kuanzia Septemba mosi, wakauongeza mpaka mwisho wa Desemba, nikaiona ile foleni kwenye taarifa ya habari nikazima tivii, babako alikuwa angojea mpira akanuna.

Lakini ngoja nisijitie utakatifu. Mabati ya nyumba hii ni pesa za Sharjah. Ada yako ya kwanza ni pesa za Sharjah. Ningengoja karatasi zitangulie ningekuwa nangoja mpaka leo, na wewe ungesoma wapi? Nikifika hapo najinyamazia. Halafu nakumbuka lile chungwa.

Utasema siku hizi si kama zamani, na ni kweli. Kwao mwajiri hana ruhusa ya kukaa na paspoti yako. Na sheria waliyoibadilisha 2024 yampiga mwajiri faini kuanzia dirham 100,000 mpaka milioni moja akimfanyisha kazi mtu asiye na kibali. Dadako anitumia hiyo aniambia, waona Ma, yakulinda. Mimi naona yamfanya mudira akufiche vizuri zaidi. Na hizo siku 60 zikiisha ni faini ya dirham 50 kila siku, zahesabiwa kwa jina lako, si la ejenti.

Kuhusu huyo ejenti, umesema ataka umlipe "ya visa". Kwa sheria yao gharama ya kukuleta ni ya mwajiri, mfanyakazi halipi. Sisemi ni mwizi. Muangalie kama yuko kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa ya National Employment Authority, halafu mwambie mkataba wako wautaka upitie kwa afisa wa leba kabla hujaondoka, sheria yetu ya kazi, ya Kenya, ya 2007 yasema hivyo kwa kazi za nje, na umuangalie uso akikujibu. Uso tu.

Na karatasi zako zianze kutembea sasa hivi, uende na vizit usiende na vizit. Cheti cha tabia njema, alama za vidole wazitoa hapo Huduma Centre, Posta, Digo Road. Digrii yapigwa mhuri Nairobi, wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wao, ikifika kule waupiga wao tena. Panda treni ya SGR ya usiku, asubuhi uko foleni. Kinachochelewesha visa ya kazi mara nyingi ni haya, na watu walaumu visa.

Umeniomba nikuambie ndiyo ama la. Una miaka thelathini na kitu, una mtoto wako, sikuambii. Ningekuambia, lakini sikuambii. Waandikie shule wenyewe, si ejenti, waulize neno moja: kabla kibali hakijatoka nitaingia darasani? Wakijibu kwa maandishi, nitumie.

Jumapili vuka mapema kabla feri haijajaa. Uje na ofa leta imeprintiwa, si ya kwenye simu, macho yangu hayawezi, na digrii orijino, si fotokopi. Babako asema nisikutie uoga. Mwambie sijakutia.

Mamako