Maswali na majibu: Z inayotoa Y, na RAM isiyotoka

Swali: Nimenunua laptopu iliyotumika yenye kibodi ya Kijerumani. Nikibonyeza Z inatoka Y, nikibonyeza Y inatoka Z. Fundi anasema kibodi imekufa, nilipie mpya.

Jibu: Usilipe, na fundi huyo usirudi kwake. Kibodi haitumi herufi. Inatuma namba ya mahali kitufe kilipo, halafu mfumo endeshi ndio unaoamua namba hiyo iwe herufi gani. Wako umewekewa leyauti (mpangilio wa herufi kwenye vitufe) ya Marekani, wakati vitufe vimechapwa kwa ajili ya Ujerumani. Ongeza leyauti ya Kijerumani kwenye mipangilio ya lugha na kila kitu kitapatana. Kama unaandika bila kutazama vitufe, iache hiyo ya Marekani uendelee na kazi.

Kisichobadilika kwa mipangilio ni umbo. Kibodi nyingi za Ulaya zina kitufe kimoja cha ziada, kimebanwa kati ya Shift ya kushoto na safu ya chini ya herufi, na Shift yenyewe imefupishwa ili kukipisha. Enter nayo ni ndefu, inashuka safu mbili. Aliyezoea kibodi ya Marekani atakigonga kitufe hicho kutwa nzima akidhani ni Shift. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, weka mikono kama unaandika, nyoosha kidole kidogo cha kushoto uone kinaangukia wapi. Watu wanauliza prosesa, wanauliza diski, wanaondoka bila kugusa kitufe hata kimoja!

Swali: Nikitaka @ napata alama za kunukuu. Kwa nini?

Jibu: Kibodi ni ya Marekani, leyauti uliyochagua ni ya Uingereza. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Tafadhali tazameni mmechagua leyauti gani kabla ya kuandika.

Hukuliuliza hili, lakini lina madhara makubwa zaidi: nywila ya kufungua diski iliyosimbwa (isiyosomeka bila nywila) huulizwa kabla mfumo endeshi haujawaka, na mara nyingi hapo inatumika leyauti ya Marekani hata kama wewe umezoea nyingine. Nywila ni sahihi, mashine inaikataa, mwenyewe anaamini ameisahau na anafuta diski nzima. Kwenye nywila hiyo epuka a, m, q, w, y, z na alama (na tarakimu pia kama leyauti yako ni ya Kifaransa), maana hizo ndizo zinazohamahama.

Swali: Nikiandika ng'ombe inatoka ngómbe, na ng'ambo inatoka ngámbo.

Jibu: Umechagua leyauti ya Marekani ya Kimataifa. Humo kitufe cha ritifaa (ile alama ya ' kwenye ng') hunyamaza kwanza, kinasubiri irabu inayofuata, kisha kinaiwekea mkwaju juu. Inamfaa anayeandika Kihispania au Kireno. Kwetu ni balaa. Iondoe, weka ya Marekani ya kawaida. Na msikubali kuandika "ngombe" kwa sababu mashine imewachosha. Ritifaa ni sehemu ya tahajia yetu, na kuipata ni suala la kubadilisha leyauti tu.

Swali: Leyauti za QWERTY (ya Kiingereza), AZERTY (ya Kifaransa) na Dvorak, ipi ina kasi zaidi?

Jibu: Uliyoizoea. QWERTY ilianzia kwenye mashine za chapa za miaka ya 1870, August Dvorak akasajili ile yenye jina lake mwaka 1936, na ubishi haujaisha hadi leo. Kinachokuchelewesha ni kutazama vidole. AZERTY siipendi kwa sababu moja tu: kila tarakimu ya safu ya juu inadai Shift.

Swali: Laptopu yangu mpya haina Ctrl ya kulia, mahali pake pana kitufe cha Copilot, msaidizi wa akili mnemba wa Microsoft. Kinaweza kubadilishwa?

Jibu: Kwa programu, ndiyo. Kitufe hicho alichokitangaza Microsoft Januari 2024 kinachofanya ni kutuma vitufe vya Windows, Shift na F23 kwa mpigo, na programu kama PowerToys ya Microsoft inaweza kukipa kazi nyingine. Lakini uamuzi wenyewe ni mbaya. Laptopu nzuri inadumu miaka mingi, huduma za programu zinakuja na kuondoka. Huduma ya msimu haistahili kupewa kitufe cha kudumu, tena kwa kumnyang'anya mtu Ctrl anayoitumia kila siku.

Swali: Nimeona laptopu nyembamba sana, nzuri, RAM (kumbukumbu ya kazi) ni GB 8 na imelehemewa. Naweza kuongeza baadaye?

Jibu: Hapana. Chipu zimeshikizwa kwenye ubao mama wenyewe, hakuna tundu la kuchomekea nyingine. Chukua GB 16 tangu mwanzo au tafuta mashine nyingine.

Watengenezaji wanajitetea kwamba RAM hiyo, aina ya LPDDR, hutumia umeme kidogo na inahitaji njia fupi hadi kwenye prosesa. Ni kweli. Ila Desemba 2023 JEDEC, shirika linaloweka viwango vya kumbukumbu, ilitoa kiwango cha CAMM2, kinachoruhusu RAM ya aina hiyo hiyo kukaa kwenye kipande kinachofungwa kwa skrubu, na Lenovo wakakitumia kwenye laptopu yao ya ThinkPad P1 ya 2024. Kumbe inawezekana wakitaka.

Tena huo wembamba unaousifia una gharama. Mwaka 2015 Apple walileta vitufe vya kipepeo ili mashine ipungue unene. Chembe ya vumbi ikatosha kukwamisha kitufe, na kwa kuwa kibodi ilikuwa imeunganishwa na kava la juu, kutengeneza kitufe kimoja kuliweza kumaanisha kubadilisha kava zima na betri yake. Waliachana navyo kuanzia mwishoni mwa 2019, na 2022 wakakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja. Basi muulize muuzaji: betri imefungwa kwa skrubu au kwa gundi? Kibodi inatoka peke yake? Akibabaika, acha.

Swali: Kitufe cha Fn kiko konani, cha Ctrl kiko ndani. Nakosea kila mara.

Jibu: Ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla mfumo endeshi haujawaka), ThinkPad nyingi zina chaguo la kuzibadilishanisha. Kama yako haina chaguo hilo, irudishe ukiwa bado ndani ya muda wa kurudisha, kwa sababu Fn mara nyingi inashughulikiwa ndani ya kibodi yenyewe na mfumo endeshi hauioni kabisa.